Maneno ya Kioo cha Corliss

Chicago, 12 Februari 1989

Kwa mpendwa Shangazi Ozella,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na miguu imepungua kuvimba. Huku theluji imefika magotini na mabasi yanachelewa, lakini mimi ni mzima. Jamu ya mapichi uliyotuma imefika bila chupa hata moja kuvunjika. Lloyd alikula nusu chupa kwa kijiko akiwa amesimama jikoni, na nilipomkemea akaniambia nimwandikie shangazi yangu atume nyingine. Basi nimekufikishia salamu za mume wangu na njaa yake.

Mama mkwe bado anaumwa kiuno. Kazini wananipa madarasa matatu muhula huu, wanafunzi wengi kuliko kamera.

Sasa neno lenyewe. Zile picha nilizopiga nilipokuja kwako Agosti iliyopita zimependwa. Jumba moja kubwa la sanaa hapa mjini linanipa ukumbi mzima kuanzia katikati ya Aprili. Nimezikuza, nyingine zinalingana na mlango kwa ukubwa, na mbele ya kila picha kuna kioo chenye maneno machache ya watu wetu wenyewe. Nataka watu waingie mle wakutane na maisha yetu sisi weusi, sura na sauti pamoja, yasiyoandikwa na wengine. Ipo na yako, Shangazi. Naomba baraka zako.

Wako akupendaye,
Corliss


Cutler's Bend, Georgia, 27 Februari 1989

Binti wa kaka yangu,

Nimepata barua yako na nimefurahi. Mimi sijambo kwa neema ya Mungu. Miguu ni ileile. Naitia katika maji ya chumvi ya dawa jioni, asubuhi inanisamehe kidogo. Bomba la jikoni lilipasuka kwa baridi. Mchungaji Stokes alituma vijana wawili kulitengeneza. Wakatengeneza bomba, wakavunja kabati. Dada Vernice wa jirani anakusalimu. Mwambie Lloyd mtu mzima halambi jamu kwa kijiko, lakini chupa nyingine zinakuja.

Baraka unazo. Ambrose baba yako angekuwa hai angetembea kifua mbele mji mzima. Mimi nilijua tangu siku ile uliponisimamisha kwenye ngazi za kanisa na ile kofia yangu ya zambarau kuwa picha ile itakuwa nzuri. Ulipiga nyingi mno, sikuchoka. Andika chini yake lolote la heshima.

Nina habari nyingine. Harvell alipiga simu. Miezi saba sijaisikia sauti ya mwanangu, akapiga mchana nikiwa nakata bamia. Amesema atakuja Agosti, ile Jumapili ya pili, Jumapili ya Kurudi Nyumbani, watu wa kanisa letu wanapotoka kokote waliko. Ana miaka arobaini na sita na hajakaa kitini kwangu zaidi ya siku mbili mfululizo tangu atoke jeshini. Kuna neno nataka kumwambia, Corliss. Nimelibeba miaka thelathini na saba. Si la simu. Akija nitamkalisha na nitamwambia, nikifa baada ya hapo sawa.

Usimwambie kuwa nimekuambia.

Shangazi yako,
Ozella Tarver


Chicago, 3 Mei 1989

Mpendwa Shangazi,

Nisamehe kimya. Tangu Machi sikupata nafasi hata ya kuchana nywele. Sote wazima. Lloyd amepandishwa cheo posta, na mama mkwe ameanza kutembea kwa fimbo, jambo baya kwetu kwa kuwa sasa anatufuata chumba hadi chumba akitoa makosa.

Ukumbi umefunguliwa. Sikutarajia watu wengi vile. Walikuja wanawake wazee wa kanisa la mtaa wetu na mikoba yao, wakasimama mbele ya picha wakisoma kwa sauti, na mmoja akalia mpaka akaletewa kiti. Aliniambia, "Huyu ni mama yangu hasa." Nikasema moyoni kazi yangu imefika.

Harvell nilimpelekea mwaliko, maana anakoishi Gary si mbali na hapa. Alikuja Jumapili ya pili baada ya ufunguzi. Alikuwa na haraka, hatukuzungumza sana.

Kijitabu cha maonyesho nitakutumia kikipatikana.

Corliss


Cutler's Bend, 29 Mei 1989

Corliss,

Sijambo. Bustani haijambo. Dada Vernice naye hajambo, tena ana nguvu nyingi, maana ndiye aliyekuja na kijitabu chako kanisani.

Mjukuu wake alikuwa huko Chicago, akakinunua, akamletea bibi yake. Jana kilitembea kutoka benchi hadi benchi wakati wa matangazo. Nikaona watu wananigeukia wakitabasamu, nami nikatabasamu, nikijua wanaitazama kofia. Kikafika kwangu.

Mimi, Ozella Tarver, mama wa kanisa, kiti cha mbele miaka thelathini. Kitambaa cha usingizi kichwani, mkanda wa shimizi umeanguka begani, miguu katika beseni. Unaniona mpaka kucha. Corliss, tangu nizaliwe sijafungua mlango kwa mtu wa posta nikiwa hivyo. Wazungu wa Chicago wananijua hivyo. Hii ngozi yetu imepigwa picha za kutosha ikiwa na kitambaa na beseni. Sikujua kuwa na mwenzetu atapanga foleni kuipiga.

Wewe nilikuruhusu kuwamo jikoni kwangu kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Kamera yako na kinasa sauti vilikuwa kwenye meza kama vikombe. Ulikuwa unaambua kunde nami. Nani alikwambia ninaongea na kamera?

Na yale maneno. "Watoto wa Bi. Hadley niliwaogesha kila jioni miaka kumi na tisa. Wangu hawakuyajua maji ya mikono yangu." Umeyaandika makubwa, meupe, kifuani pangu. Dada Vernice akaniambia, "Ozella, una maneno mazuri, kumbe mshairi." Nikamwambia mshairi ni paka wako.

Ishushe hiyo picha. Usinijibu kwa maneno ya shuleni, ishushe. Kisha unieleze: Harvell alipokuja, alisimama mbele ya ipi?

Shangazi yako


Chicago, 11 Juni 1989

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na imeniuma. Naomba radhi kwa kukuacha udhani ni ile ya kofia. Nilijua unadhani hivyo na sikukusahihisha. Hilo ni kosa langu na silikatai.

Lakini nisikilize. Ile ya kofia ni picha nzuri, Shangazi, na kila nyumba ya mweusi inayo moja ukutani. Ile ya jikoni hakuna aliyenayo. Miguu ile ndiyo iliyosimama miaka kumi na tisa kwenye sakafu ya Wazungu. Maneno yale si yako peke yako, ni ya mama zetu wote waliolea watoto wa wengine. Wakisoma pale wanajiona. Mimi sikukuvua nguo. Nilitaka wakuone kama nilivyokuona mimi, na mimi nilikuona malkia.

Kuishusha siwezi. Jumba limeinunua pamoja na nyingine mbili, na maneno yamechongwa kwenye kioo. Hata nikitaka si mali yangu tena.

Harvell alisimama mbele ya hiyo. Alisimama muda mrefu, labda nusu saa. Akaniuliza, "Alisema hivi kwa kinywa chake?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza, "Na Junetta hayumo?" Nikamwambia, "Kaka, picha hii si ya mtu mmoja, ni ya wote." Akavaa kofia yake akaondoka. Sikuelewa wakati ule na sasa pia sina hakika nimeelewa. Najua tu mlikuwa na mtoto wa kike aliyefariki kabla sijazaliwa. Baba hakupenda kumtaja.

Corliss


Cutler's Bend, 20 Juni 1989

Corliss,

Malkia hatii miguu yake katika beseni la kufulia. Tuyaache hayo.

Nitakuandikia jambo ambalo baba yako hakupenda kulitaja, na nitaliandika mara moja.

Junetta alikuwa na miaka minne. Ilikuwa Oktoba 1952. Aliamka na homa na shingo imevimba, na mimi nikadhani ni mafua. Nilikwenda kazini. Mchana akaja mtu kuniambia mtoto anapumua kwa shida. Nikamwomba Bi. Hadley ruhusa. Alikuwa na wageni. Akasema, tena kwa upole, "Ukishawaogesha watoto, Ozella, utakwenda." Nikawaogesha. Watatu. Niliwasugua mpaka nyuma ya masikio, maana nilijua akiona uchafu ataniita tena nirudi. Nilipofika kwangu jua lilikuwa linatua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa dondakoo.

Harvell alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amekaa kitandani amempakata dada yake, amemfunika shingo kwa matambara mabichi, maji yametapakaa chumba kizima. Junetta alikuwa amekwisha kufa na yeye bado anakamua kitambaa. Na mimi mama yake nikasimama mlangoni nikamwambia, "Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Hilo tu. Sikumpiga. Sikuliondoa neno hilo siku ile, wala siku ya mazishi, wala alipokwenda jeshini, wala alipooa. Kila alipokuja nilimpikia. Nikadhani chakula kitasema.

Sasa nikuulize wewe mwenye kinasa sauti. Siku ile ya kunde sikusema sentensi mbili. Nilisema tatu. Nilisema habari za kuogesha watoto wa watu, kisha za wangu, kisha nikasema yule mdogo alikufa mikononi mwa kaka yake, na kaka mwenyewe mtoto, na kosa lilikuwa langu, halikuwa lake. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulitoa neno hilo nje ya kinywa. Nilikuwa nalijaribu. Nilitaka nione kama linatoka, ili akija Harvell nisikwame. Nilikuchagua wewe kwa sababu nilidhani kwako litakaa.

Mimi sikuwa ninasema habari za watu weusi, Corliss. Nilikuwa ninasema habari za Junetta. Mama zetu wote na waseme yao.

Mwanangu amesoma ukutani kuwa mama yake anajutia maji. Ameona mama amefungua kinywa baada ya miaka yote hiyo, akawaambia wageni, na dada yake hamo na yeye hamo. Hiyo sentensi iko wapi? Sikiliza kanda yako unijibu.

Ozella


Chicago, 30 Julai 1989

Shangazi,

Sina salamu za kuandika. Lloyd anakusalimu, hajui lolote.

Nimechelewa kwa sababu niliogopa kusikiliza. Kanda ilikaa mezani wiki tatu. Nimeisikiliza. Ipo. Sauti yako imeshuka, na kunde zinaanguka kwenye bakuli, na mimi nasikika nikisema "mhm" kama mtu anayesikiliza. Nakumbuka sasa nilivyofanya. Kioo kilikuwa na nafasi ya mistari minne. Nilipoandika sentensi zote tatu, herufi zilikuwa ndogo, na ile ya tatu ilimvuta msomaji kwenye mambo ya nyumba moja. Nikaikata. Nilimwambia mchongaji, "Ishie kwenye mikono, inapendeza zaidi." Ndivyo nilivyosema.

Nimewaomba watu wa jumba wabadilishe kioo. Wamesema labda mwakani.

Jumamosi nilikwenda Gary. Niliiandika sentensi yote kwenye karatasi, neno kwa neno kutoka kwenye kanda, nikaipeleka kwa Harvell. Alikuwa uani anarekebisha mashine ya kukatia majani. Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Alifuta mikono akasoma. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Akasema, "Lini alisema haya?"

"Agosti iliyopita, kaka."

"Akakwambia wewe."

"Alikuwa anajiandaa kukwambia wewe."

"Corliss, mimi nina simu. Nina anwani. Nina miaka arobaini na sita." Akaikunja karatasi vizuri akanirudishia. "Kwanza nimesomewa ukutani, sasa naletewa kwa karatasi, mwandiko wako. Mimi mwandiko wa mama yangu ninaujua. Kama ana neno na mimi aniandikie mwenyewe, liwe lake. Nitalisoma. Agosti sitakuja kukaa mezani watu wote wakinitazama na kijitabu chenu."

Nilimwomba sana. Akawasha mashine.

Shangazi, amesema atalisoma. Hilo ndilo la kushika. Mwandikie.

Na mimi nimefikiri njia ya kulipa. Nitatengeneza picha ya pili, ya chumba kile, kitanda na beseni na ukuta tu, bila mtu, na sentensi yako yote mbele yake, na jina la Junetta. Ningeomba tu ruhusa yako, safari hii kweli.

Corliss


Cutler's Bend, 5 Septemba 1989

Corliss,

Ruhusa hupati.

Jumapili ya Kurudi Nyumbani imepita. Watu walikuja kutoka Detroit, Newark, mpaka California. Nilipika kama nilivyopanga, maana mtu hawezi kuwaeleza watu mia mbili kwa nini hakupika. Walikula. Wawili waliniomba nipige nao picha kwa sababu ya kijitabu chako, na mmoja alitaka nimsomee yale maneno kwa sauti yangu. Nilimwambia nina sukuma wiki kwenye moto.

Harvell ametaka nimwandikie, na ana haki. Nimekaa mezani siku ishirini. Wewe unaniona mjuzi wa maneno, basi sikia. Nikiandika "kosa lilikuwa langu," ninajiona ninanakili karatasi yako uliyompelekea, na yeye amekwisha kuisoma na kuirudisha. Nikiandika kuhusu maji na kuogesha, ni yale ya ukutani. Nikiandika "dada yako alikufa mikononi mwako," nakumbuka sasa unataka kulitundika hilo nalo, nakuona umesimama nyuma ya kiti changu unahesabu mistari. Nimejaribu kuyasema kwa njia nyingine. Siyo hayo. Nilikuwa na neno moja, nililipata kwa shida, miaka thelathini na saba, na lilikuwa na maneno yake, sikuwa na mengine ya akiba. Yametumika. Mwanangu akiyaona atajua yalikopita kabla ya kufika kwake.

Wewe huna ubaya wa moyo. Hilo ndilo linanichosha. Ungekuwa mbaya ningekulaani nikalala.

Krismasi usije. Jamu za Lloyd nitazituma, yeye hajanikosea.

Bahasha ya Harvell ipo hapa mezani. Anwani nimeiandika kwa mkono wangu, anaujua, na stempu nimeibandika. Asubuhi mtu wa posta aliuliza kama aichukue. Nilimwambia bado, maana ndani hamna kitu.

Ozella Tarver